Mama Huyu Ana Watoto Wangapi?

Filamu ya Amar Akbar Anthony ilitoka mwaka 1977, na mimi wakati huo sikuwa hata wazo kichwani mwa mtu. Niliiona miaka mingi baadaye kwenye banda la video, tumebanana kwenye mabenchi, mtafsiri anapayuka juu ya sauti za akina Amitabh Bachchan. Wengi mnaijua. Watoto watatu ndugu wanapotezana na wazazi wao tarehe 15 Agosti, siku ya uhuru wa India, chini ya sanamu ya Gandhi. Mmoja anaokotwa na polisi Mhindu, mmoja na fundi cherehani Mwislamu, mmoja na padri Mkatoliki. Wanakua hawajuani. Halafu inakuja ile picha ambayo banda zima lilinyamaza: vijana watatu wamelala vitanda vitatu, damu inatoka mishipani mwa kila mmoja, inapanda kwenye chupa moja, inashuka kwa mama mmoja asiyeona. Mwuguzi yeyote atakwambia damu haitiwi hivyo. Nani alijali? Tulilia, bwana.

Sasa nina swali ambalo bandani sikuwa nalo. Akbar ni Mwislamu, lakini baba na mama yake ni Wahindu. Anthony ni Mkristo, lakini baba na mama yake ni Wahindu. Mama mwenyewe anaitwa Bharati, na Bharat ndilo jina la India kwa lugha zao wenyewe. Kwa hiyo Mwislamu na Mkristo wa filamu hii ni watoto halali wa Mama India kwa sababu kwa damu walizaliwa Wahindu. Dini nyingine wamezivaa njiani, kama mtu anavyovaa koti la kuazima mvua ikimkuta ugenini. Je, yule fundi cherehani aliyemlea Akbar, Mwislamu mwana wa Waislamu, damu yake yeye ingeingia kwenye ile chupa?

Kabla sijaendelea niweke maneno sawa, maana Kiswahili hapa kimetutangulia kwa akili. Mhindi ni mtu wa India au mwenye asili ya huko. Mfuasi wa dini ya Kihindu wazee wetu wa pwani walimwita Baniani, na wakawa na majina mengine kwa wengine: Khoja, Bohora, Kalasinga, Mgoa. Wote Wahindi, si wote Mabaniani. Utaifa wa Kihindu, ule unaoitwa Hindutva, kazi yake kubwa kwa miaka mia moja imekuwa kuyafanya maneno hayo mawili kuwa neno moja. Siku hizi tunasema Mhindu badala ya Baniani, nami nitasema hivyo, lakini naomba msomaji asome herufi ya mwisho kwa makini. Watu wamekufa kwa ajili ya tofauti ya i na u.

Swali la watoto wa Mama halikuanzia kwenye sinema. Lilianzia kwenye riwaya, na hili ndilo lililonifanya nishike kalamu, maana kila tukikutana wapo wenzetu wanaosema fasihi haibadilishi kitu, eti siasa ni ya wanasiasa na sisi tutunge mapenzi. Basi someni Anandamath.

Mwandishi wake, Bankim Chandra Chattopadhyay, alikuwa mtumishi wa serikali ya Mwingereza kule Bengali, naibu hakimu. Riwaya ilitoka kwanza kwa vipande katika Bangadarshan, jarida alilolianzisha mwenyewe, kisha ikawa kitabu mwaka 1882. Wenye majarida madogo msijidharau. Hadithi inaanza katika njaa kuu ya Bengali ya mwaka 1770, ambayo inakadiriwa kuwa iliua theluthi nzima ya watu wa huko. Mahendra, mwenye mali kijijini, anafunga nyumba yake akiwa na mke wake Kalyani na mtoto mchanga, wanaondoka kwa miguu. Soko halina mtu. Nyumba ziko wazi. Nasema bila haya: sura zile za kwanza ningeziiba kama ningejua namna ya kuziiba bila kukamatwa. Bankim haelezi njaa ni nini. Anakuonyesha kijiji kikubwa ambacho sauti imeondoka, ukasikia mwenyewe.

Kisha wanatokea watawa wapiganaji msituni, na jina lao ni Santan, yaani Watoto. Kiongozi wao Satyananda anamwingiza Mahendra hekaluni na kumwonyesha sanamu tatu za Mama: alivyokuwa, alivyo sasa, atakavyokuwa. Ya katikati ni Kali, mweusi, uchi, maana nchi imenyang'anywa kila kitu. Ya mwisho ni Durga mwenye mikono kumi. Mama ni nchi, nchi ni mungu wa kike, na Watoto ni wanaomsujudia. Humo humo ndani ya riwaya ndimo ulimo wimbo wa Vande Mataram, ambao baadaye uliimbwa na maelfu waliopigwa virungu na polisi wa Mwingereza. Mimi nikisoma kwa tafsiri ya Kiingereza, mbali kabisa na Bengali, nilisisimka. Lazima niseme hivyo, vinginevyo uhakiki huu utakuwa wa mtu aliyefika na hukumu mfukoni.

Shuleni tulifundishwa kutenga fani na maudhui, hizi tamathali, hizi dhamira, alama ngapi. Kwa Bankim mpango huo unavunjika. Angalieni wahusika. Kila Mtoto wa Mama ana jina, ana mke, ana kishawishi kinachomtesa usiku. Shanti, mke wa mmoja wao, anavaa kama mwanamume na kuingia jeshini kwa siri. Ni mhusika ambaye hata leo ukimwandika watakuita jasiri. Waislamu je? Wao ni Nawabu, ni askari wake, ni kundi. Ni wahusika bapa, kama tulivyozoea kuandika kwenye mitihani, lakini ubapa huu si uzembe wa mtunzi, kwa sababu Shanti anatuonyesha kwamba mtunzi alijua kazi. Kuna mahali, baada ya ushindi, vijiji vya Waislamu vinavamiwa, na baadhi yao wananyoa ndevu, wanajipaka udongo na kuanza kuimba jina la Hari ili waonekane Wahindu. Imeandikwa kama kichekesho. Nilicheka. Kisha nikasimama, nikarudi nyuma ukurasa mmoja, nikasoma tena nikimfikiria mtu mmoja tu kati ya wale, mwenye wembe mkononi na mkono unatetemeka.

Na ukweli wa kihistoria, kumbe, ulikuwa tofauti. Uasi wa miaka ile ulikuwa wa watawa wa Kihindu na wa mafakiri wa Kiislamu vilevile. Mmoja wa viongozi wake wakubwa alikuwa Majnu Shah, fakiri wa tarika, aliyeihangaisha Kampuni ya Uhindi ya Mashariki kwa miaka. Ndani ya riwaya fakiri hayumo upande wa waasi. Bankim alimtoa. Mtunzi ana haki ya kutoa na kutia, ndiyo, sote tunafanya. Lakini hapa alimwondoa jirani kutoka upande wa waliopigana pamoja, akamweka upande wa adui, na kitabu kikadumu kuliko kumbukumbu.

Tagore, Mbengali mwenzake, aliliona. Katika riwaya yake Ghare Baire ya mwaka 1916 yuko Sandip, mwanasiasa mwenye ulimi wa asali, ambaye Vande Mataram mdomoni mwake ni kilevi. Na walioumia kwanza ni wachuuzi maskini, Waislamu, ambao hawana uwezo wa kuchoma nguo za kigeni kwa ajili ya uzalendo. Mwaka 1937 chama cha Congress, baada ya kumwomba Tagore ushauri, kiliamua ziimbwe beti mbili za kwanza tu, zile za mito na mashamba, si zile za Durga. Mwislamu anaweza kuupenda mto. Kumsujudia mungu wa kike hawezi, imani yake haimruhusu, na hilo si uhaini. Tarehe 24 Januari 1950 wimbo ulipewa heshima sawa na wimbo wa taifa. Na msidhani ni mambo ya makumbusho: mwezi Novemba 2025, katika kuadhimisha miaka 150 ya wimbo huo, Waziri Mkuu Narendra Modi alilaumu hadharani kule kukatwa kwa beti mwaka 1937. Waziri mkuu wa nchi ya watu bilioni moja na zaidi anagombania beti za ndani ya riwaya. Nani kasema fasihi haibadilishi kitu?

Kutoka kwa Bankim ninamrukia mwandishi mwingine, kwa sababu yeye ndiye aliyegeuza picha ya Mama kuwa kipimo. Vinayak Damodar Savarkar alitunga mashairi, tamthilia na riwaya kwa Kimarathi. Watu husahau kwamba baba wa Hindutva alikuwa mtu wa kalamu. Kijitabu chake kuhusu Hindutva kilitoka mwaka 1923, naye bado mfungwa wa Mwingereza. Hoja yake ukiivua nguo ni hii: Mhindu ni yule ambaye India ni nchi ya baba zake na pia ndiyo nchi yake takatifu. Budha, Jaina na Kalasinga wanapita, dini zao zimezaliwa pale. Mwislamu na Mkristo wanashindwa mtihani wa pili, kwa sababu patakatifu pao ni Uarabuni au Palestina. Hata kama babu wa babu yake kazikwa palepale, moyo wake unashukiwa.

Kipimeni kipimo hicho hapa kwetu Dar es Salaam. Msikiti wa Manyema wote ni wapangaji, maana wanaelekea Makka. Azania Front wote ni wapangaji, kwa ajili ya Bethlehemu na Yerusalemu. Tutabaki na mizimu peke yake. Na Mhindu wa mtaa wa Kisutu, ambaye mto wake mtakatifu ni Ganges, huyo ndiye angekuwa wa kwanza kufungashiwa mizigo. Nasema hivi si kwa mzaha mtupu. Mwaka 1946, ndani ya meli iliyotoka Bombay kuja Mombasa, vijana wa RSS, lile shirika la kujitolea lililoanzishwa Nagpur mwaka 1925, walikutana na kufanya mazoezi yao ya kwanza nje ya India. Januari 1947 wakafungua tawi Nairobi. Hiyo fikra ilishuka bandarini kwetu mapema kuliko watu wanavyodhani. Na mwaka 1972 Idi Amin alipowapa Waasia wa Uganda siku 90, hakuwauliza nani Mhindu, nani Khoja, nani Mgoa. Aliwaona wote kama watu ambao nyumbani kwao ni kwingine. Hakuwa amemsoma Savarkar. Hakuhitaji.

Yaliyotokea India kwenyewe nitayapitia haraka. Septemba 1990 kiongozi wa chama cha BJP, L. K. Advani, alianza safari kutoka Somnath ndani ya gari lililopambwa kama kigari cha vita cha hadithi za kale, kudai hekalu la Rama lijengwe Ayodhya mahali uliposimama Msikiti wa Babri wa karne ya 16. Tarehe 6 Desemba 1992 umati uliuvunja msikiti kwa nyundo na mitaimbo, mchana kweupe. Watu wapatao 2,000 waliuawa katika ghasia zilizofuata, wengi wao Waislamu. Tarehe 9 Novemba 2019 Mahakama Kuu ya juu kabisa ilisema kubomoa kule kulivunja sheria, na katika hukumu ileile ikatoa kiwanja kwa ajili ya hekalu, Waislamu wakapewa ekari tano mahali pengine. Hekalu lilizinduliwa na Modi tarehe 22 Januari 2024. Miezi michache baadaye wapiga kura wa jimbo ambamo Ayodhya imo walimwangusha mgombea wa BJP. Mtunzi wa riwaya angeandika hivyo mhariri angemwambia imezidi.

Desemba ile ya 1992 ndiyo iliyozaa riwaya ya pili, Lajja, maana yake Aibu, ya Taslima Nasrin. Na mandhari yake si India. Ni Dhaka, Bangladesh, ambako Waislamu ndio wengi na Wahindu ndio wachache. Msikiti umevunjwa Ayodhya. Anayelipa ni daktari mzee Sudhamoy Dutta, Mhindu wa Dhaka, ambaye hajawahi hata kufika Ayodhya. Hii peke yake ni hoja nzito kuliko hotuba kumi: wanaovunja nyumba ya Mungu ya jirani zao kwa jina la Wahindu wote, wanawasha moto chini ya Wahindu walio wachache ng'ambo ya mpaka. Mzee Sudhamoy ni mzalendo hasa. Nchi yake ni Bengali, hataki kuhama. Mwanawe Suranjan alikuwa mtu wa siasa za kushoto, asiyetaka kuulizwa dini. Bintiye Maya anatekwa na genge la vijana nyumbani kwao, wala harudi.

Kama riwaya, Lajja inanichosha. Nasrin anasimamisha hadithi kila mara ili kuorodhesha mahekalu yaliyochomwa, wilaya kwa wilaya, kama karani wa polisi. Wahusika wanazungumza kwa takwimu. Nilikuwa nimeandika pembeni mwa kitabu "hii ni ripoti, si riwaya", nikajiona mhakiki. Baadaye nikafuta. Kwa familia ile, orodha ndiyo silaha pekee iliyobaki. Anayeambiwa kila siku kwamba hakuna lililotokea hana anasa ya kupamba sentensi. Lakini bado inachosha. Sina namna ya kuyapatanisha hayo mawili.

Pale Nasrin anapokuwa mtunzi kweli ni kwa Suranjan. Huyu kijana, baada ya dada yake kutekwa, anamchukua kahaba Mwislamu na kumtendea unyama kama kisasi. Mwandishi hakumsafisha. Aliyeonewa anamwonea aliye chini yake zaidi, na msomaji aliyekuwa anamlilia anabaki na machozi yasiyojua yaende wapi. Bankim asingethubutu kumfanyia hivyo Mtoto wa Mama.

Na tazameni safari ya kitabu chenyewe. Kilitoka 1993, serikali ya Bangladesh ikakipiga marufuku mwaka huohuo, na mwaka 1994 Nasrin akalazimika kuikimbia nchi. Ng'ambo ya mpaka, India, watu wa utaifa wa Kihindu wakakikumbatia na kukisambaza: oneni Waislamu walivyo! Kitabu kilichoandikwa kutetea wachache kikawa fimbo ya kuwapigia wachache wengine. Mwaka 2007 Nasrin alivamiwa Hyderabad na watu wa chama cha Kiislamu, kisha akaondolewa Kolkata. Sehemu zote mbili alikataliwa na waliotaka aandike upande mmoja tu.

Desemba 2019 bunge la India lilipitisha mabadiliko ya sheria ya uraia. Wahindu, Makalasinga, Mabudha, Majaina, Waparsi na Wakristo waliotoka Pakistan, Bangladesh na Afghanistan na kuingia India hadi mwisho wa mwaka 2014 walifunguliwa njia ya mkato ya uraia. Mwislamu hayumo kwenye orodha. Someni sheria hiyo mkiwa na Lajja mkononi. Familia ya Sudhamoy ingepokelewa, na mimi nafurahi, waliteseka. Lakini Mwislamu wa Bangladesh anayewindwa kwa sababu ya alichoandika, mlango ule si wake. Taslima Nasrin ni mtu asiye na dini aliyezaliwa katika familia ya Kiislamu. Aliyewaandika akina Dutta hangeingia kwa mlango wanaoingilia akina Dutta.

Riwaya ya tatu imeandikwa na mtu wetu, tukikubali kumwita wetu. M. G. Vassanji alizaliwa Nairobi mwaka 1950, akakulia hapa Dar es Salaam, akaenda kuishi Kanada, ambako ameshinda tuzo ya Giller mara mbili. Ni Khoja. Jumuiya yake ina nyimbo za ibada ziitwazo ginan, na katika nyingine za zamani jina la Vishnu na jina la Ali yalikaa pamoja bila kugombana. Mwaka 1993, msikiti ukiwa umevunjwa majuzi tu, alikwenda India kwa mara ya kwanza maishani. The Assassin's Song ilitoka 2007.

Msimulizi wake ni Karsan, mtoto wa mlinzi wa kaburi la sufi katika kijiji cha Gujarati. Watu wa dini zote huja pale kuomba. Baba yake akiulizwa wao ni Wahindu au Waislamu, hajibu kwa neno moja. Karsan ndiye mrithi, lakini anapenda kriketi na magazeti anayoletewa na dereva wa lori, Kalasinga. Mwisho anakimbilia Marekani kusoma, na urithi anautupa. Mdogo wake Mansoor anachagua kuwa Mwislamu kamili, mkali. Kisha inafika mwaka 2002.

Mwaka ule, tarehe 27 Februari, watu 59 waliungua ndani ya behewa la treni Godhra, wengi wao Wahindu waliotoka Ayodhya. Siku zilizofuata Waislamu wa Gujarati walichinjwa mitaani na majumbani. Serikali ilitaja bungeni mwaka 2005 kwamba waliokufa ni Waislamu 790 na Wahindu 254. Wengine wanasema ni wengi zaidi. Mjini Ahmedabad, karibu na ofisi ya mkuu wa polisi, lilikuwapo kaburi la Wali, mshairi wa Kiurdu aliyefariki mwaka 1707, mmoja wa waliouweka ushairi wa ghazali ya Kiurdu kwenye miguu yake, na aliyeipenda Gujarati akaiimba. Kaburi lilivunjwa. Kisha pakawekwa lami, magari yakapita. Wenzangu watunzi, hili lisomeni tena. Umati ulikuwa na hasira, sawa, lakini umati hautembei na lami. Lami huletwa na ofisi.

Kwa Vassanji, kaburi la Pirbaag nalo linaharibiwa mwaka ule, na baba anauawa. Ndiyo riwaya bora ya hizi tatu, wala sisiti. Inafanya kile ambacho hotuba za haki za binadamu haziwezi: inakuonyesha kitu ambacho hakina idadi. Sheria inajua kumlinda Mwislamu, inajua kumlinda Mkristo, kwa Katiba ya India ya mwaka 1950 wana haki hata ya kuendesha shule zao. Yule mzee asiyekubali kujaza kisanduku chochote kwenye fomu analindwa na kifungu gani? Utaifa wa Kihindu unamtaka aseme Mhindu. Mwanawe Mansoor anamtaka aseme Mwislamu. Wote wawili wanamuua kwa namna yao, na mwandishi anatuachia tulione wenyewe.

Ila nina ugomvi naye. Karsan hakuwepo. Yaliyotokea Pirbaag anayapata baadaye, kama sisi tunavyopata habari. Nilitamani sura moja, kurasa kumi tu, ya jirani: yule aliyekuwa akija kuomba pale Alhamisi, na siku ile akaja na mafuta ya taa. Alikula nini asubuhi? Nani alimpa lifti? Bankim aliwanyima sura waathirika. Vassanji, kwa heshima na majonzi yake, sura ya mwuaji ameiacha gizani. Yule mtu wa mafuta ya taa alikulia akiambiwa kwamba yeye ndiye Mtoto wa Mama. Riwaya yake bado nasubiri kuisoma.

Nilimpa haya yote rafiki yangu wa kijiweni, msomaji mkali kuliko mimi, akaniuliza: "We mbona unamsumbua Bankim? Soma sura yako ya tatu." Katika muswada wangu sura ya tatu kuna mwenye duka. Kwa kurasa kumi na moja nimemwita "Mhindi" tu. Anapunja mizani, anafoka kwa Kiswahili kibovu, na kuna mahali watoto wa mtaani wanampigia kelele za "Baniani mbaya, kiatu chake dawa" naye anakimbia mpaka ndala inamvuka. Rafiki yangu alipokisoma mwaka jana alicheka palepale nilipotaka acheke.

Nimejaribu kumpa jina. Imenishinda kwa siku tatu, maana jina linadai kwanza nijue ni Bohora, ni Khoja au ni Mhindu, anaomba wapi, nani anampikia, kwa nini alibaki wenzake walipoondoka. Sikuwa najua. Kurasa kumi na moja nimeandika juu ya mtu ambaye sijui Ijumaa anakwenda wapi. Jumamosi nimeanza kwenda kukaa kwenye kibaraza cha duka moja la vitambaa, mwenyewe kaniruhusu, anadhani naandika habari za biashara. Mkewe alinitolea chai.

Anayeona nimemwonea Bankim, ukurasa wa barua upo. Nakala ya Ghare Baire ninayo, imechanika jalada lakini kurasa zote zimo. Anayetaka aje aazime, ila arudishe.